La Paz isiwe mwanzo: wiki tatu za masoko, milima na wanyama Amerika ya Kusini

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Tanga. Mwakani ndoa yetu inatimiza miaka 25, na tumejiwekea akiba twende Amerika ya Kusini kwa wiki tatu. Mimi ni mtu wa masoko, yeye ni mtu wa milima (alifika kilele cha Kilimanjaro ujanani), na wote wawili tunapenda wanyama. Kampuni moja ya utalii imetuandalia ratiba hii: La Paz, Uyuni, Machu Picchu, Otavalo, Galápagos, kisha Pantanal. Mume wangu ana presha, anatumia dawa na imetulia. Sisi ni Waislamu, kwa hiyo chakula nacho kinatupa wasiwasi. Je, ratiba hii inafaa?

JIBU: Dada yangu, haifai. Sehemu zenyewe ni nzuri zote, hakuna hata moja ya kubeza. Mpangilio ndio mbovu.

Hapo kuna nchi nne, Bolivia, Peru, Ecuador na Brazil, ndani ya siku ishirini na moja. Viwanja vya ndege mtavijua kuliko masoko. Hilo bado lingevumilika. Lisilovumilika ni siku ya kwanza. Uwanja wa ndege wa La Paz uko El Alto, kwenye mwinuko wa takriban mita 4,060. Shemeji anaikumbuka Horombo, ile kambi ya Kilimanjaro: mita 3,720. Alifika pale siku ya pili, kwa miguu, akiwa ameshalala Mandara kwenye mita 2,700 hivi, na huenda kichwa kilimgonga vilevile. Ratiba hii inawatoa usawa wa bahari na kuwatua juu kuliko Horombo, mmekaa kwenye kiti, mmechoka, hamjalala. Kisha kabla mwili haujatulia inawapeleka Uyuni, mita 3,650, ambako usiku wa kipupwe maji huganda. Kabla ya kuingia kwenye kazi hii ya kupanga safari niliongoza wageni Kilimanjaro, na sijaona mzee wa kazi pale getini ambaye angekubali kumpandisha mtu namna hiyo.

Na shemeji asijitetee kwamba Uhuru alishafika. Mwili ukishuka unasahau. Mazoea ya hewa nyembamba huisha ndani ya wiki chache, sembuse miaka. Cusco, kwa mfano, iko mita 3,400, na kila pumzi unayovuta pale ina takriban theluthi mbili tu ya oksijeni unayoipata Tanga. Wengi huumwa kichwa, hukosa hamu ya kula na usingizi huwapaa, halafu siku mbili tatu mambo yanakaa sawa. Wachache hujaa maji kwenye mapafu au huvimba ubongo, na hao dawa yao ya kwanza ni kushushwa haraka, hata kama ni usiku wa manane.

Presha iliyotulia kwa dawa kwa kawaida haimzuii mtu kwenda juu, ila siku za mwanzo hupanda, hata kwa mtu asiye na tatizo. Aende kwa daktari wake akiwa na majina ya dawa zake zote pamoja na ratiba inayoonyesha kila usiku mtalala mita ngapi. Nasisitiza hilo la mita, kwa sababu daktari akiambiwa "Peru" hana cha kufanyia kazi. Baadhi ya dawa za presha hukojoza, na acetazolamide (wengi tunaijua kwa jina la Diamox), inayotumika kuzuia ugonjwa wa mwinuko, nayo hukojoza, kwa hiyo mtu asijichanganyie mwenyewe. Mwenye mzio wa dawa za salfa aseme mapema. Kanuni tunayoifuata sisi wa milimani ni ya kitanda: ukishapita mita 3,000, unapolala leo pasizidi ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500. Mchana pandeni mpendavyo, usiku mteremke.

Sasa, mwinuko huohuo unaotutia hofu ndio uliozaa masoko unayoyataka wewe na wanyama mnaowataka wote. Wewe ni mtu wa Tanga, unajua Lushoto inateremsha kabichi, plamu na mapeasi, na pwani inapandisha nazi na samaki. Milima ya Andes ni hivyo, ila marefu yake ni mara mbili tatu. Chini kabisa, upande wa msitu, kuna koka, matunda na mihogo. Kwenye mabonde ya mita 2,500 hadi 3,300 hivi ni mahindi. Juu yake ni viazi. Viazi vikigoma kuota linabaki jani la malisho, pamoja na lama na alpaka, mifugo ya huko ya jamii ya ngamia. Mwaka 1972 mwanaanthropolojia John Murra aliandika jinsi jamii za kale za huko zilivyopeleka watu wao kwenye kila ngazi ya mlima ili ukoo mmoja upate mahindi, viazi, sufu na koka bila kumtegemea mgeni. Ukiingia soko la Andes leo bado unauona mlima mzima mezani.

Kwa hiyo ushauri wangu: chagueni Peru peke yake, na mpande ngazi kwa ngazi. Lima siku mbili tatu za kupumzika baada ya ndege, maana iko baharini. Halafu msitu wa Amazon. Halafu Bonde Takatifu la Wainka, Machu Picchu, Cusco, na mwisho Colca na Arequipa. Sehemu ya juu kuliko zote inakuja mwishoni, mwili ukiwa umeshajua kazi yake.

Msitu kwanza. Kutoka Lima mnaruka hadi Puerto Maldonado, mita 200 hivi, mnaingia mtumbwi mrefu wa mbao wenye injini na kupandisha mto Tambopata hadi kwenye nyumba za wageni zilizomo msituni. Hapa inabidi niwaonye, kwa sababu Watanzania tumelelewa vibaya na Serengeti. Msitu hauonyeshi wanyama wake. Hakuna makundi ya nyumbu, hakuna simba aliyelala chini ya mti mmoja katika uwanda mtupu. Unasikia kingi kuliko unachoona. Mgeni anayetaka kuhesabu wakubwa watano atakasirika siku ya pili. Atakayekaa kimya ziwani alfajiri atapata fisi maji wakubwa wa Amazon, wanaofikia urefu wa mita 1.8, wakila samaki kwa fujo kama watoto, na kapibara, panya mkubwa kuliko panya wote duniani, amekaa ukingoni hana habari na mtu.

Kwenye maziwa hayo muulizeni mwongozaji awaonyeshe hoatzin. Ni ndege wa ukubwa wa kuku, ana kishungi kilichotimka, uso wa buluu na macho mekundu, na anaruka vibaya sana. Anakula majani, na majani hayo huchachuka kwenye gole lake kwa kazi ya bakteria, karibu na yanavyofanya tumboni mwa ng'ombe. Ndiyo maana ananuka samadi. Kinda lake lina kucha kwenye mbawa. Likitishwa hujitupa majini, likaogelea, kisha likaparamia matawi kwa kucha hizo kurudi kiotani. Shemeji ajiandae na darubini, kwa sababu kuliona hilo ni bahati.

Asubuhi moja mtaamshwa saa kumi usiku kwenda kwenye ukuta wa udongo kando ya mto. Wenyewe huuita collpa. Kasuku wadogo hutangulia, halafu wale wakubwa wenye mikia mirefu, wekundu na wa buluu, wawili wawili. Hawashuki mara moja. Wanakaa juu ya miti wakipiga kelele na kuchungulia kama kuna mwewe, hata nusu saa nzima, kisha mmoja anajitosa na wengine wote wanamfuata kula udongo. Maelezo yenye nguvu zaidi ni chumvi: eneo lile liko mbali na bahari, mimea yake ina sodiamu kidogo, na udongo wa ukuta ule unayo. Mtumbwi ukipita karibu wanapaa wote na huenda wasirudi siku hiyo. Kwa hiyo mkiona mwongozaji anawasogeza karibu mno ili mpate picha, mkatazeni.

Mkirudi mjini pitieni soko la Puerto Maldonado. Hilo ni lako, dada. Utakuta mihogo ya kukaanga, na usishangae, maana asili ya mhogo ni nyanda za chini za Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioufikisha Afrika, kama walivyofanya na mkorosho kutoka Brazil. Tafuta castaña, kokwa maarufu za huko. Muuzaji akupasulie tunda zima mbele yako: ganda gumu la ukubwa wa dafu dogo, linalohitaji panga, na ndani kokwa kumi na kitu hadi ishirini na kitu zimepangana kama vipande vya chungwa, kila moja na ganda lake. Msituni kuna mnyama mdogo wa jamii ya panya, aguti, mwenye meno ya kulipasua ganda hilo. Anakula nyingine, nyingine anazifukia na kuzisahau, na ndipo miti mipya inapoota.

Kutoka Puerto Maldonado ndege ni chini ya saa moja hadi Cusco. Msilale Cusco. Toka uwanjani, ingia gari, teremka moja kwa moja hadi Bonde Takatifu, mkalale Ollantaytambo, mita 2,800, kimo cha Mandara. Kaeni pale siku nne. Siku ya kwanza msifanye lolote zaidi ya kutembea polepole na kunywa maji. Watawapa chai ya majani ya koka. Kule Peru chai hiyo ni halali na haileweshi, mkipenda nyweni, lakini msiitegemee kama tiba, na msithubutu kufunga hata pakiti moja kwenye begi. Jani hilo ndilo linalotolewa kokeini, na kule mnakopitia na hapa nyumbani ni kosa la jinai.

Soko la Pisac ndilo linalotajwa kila mahali, na sehemu kubwa siku hizi ni vinyago na mablanketi ya watalii. Nendeni Jumapili, mpite vibanda hivyo bila kusimama, mtafute walikokaa akina mama wa mboga. Ama nendeni Urubamba, ambako watalii ni wachache. Angalia viazi: vya zambarau, vyeusi, vyekundu ndani, vilivyopinda kama kidole. Viazi vilianza kulimwa Andes maelfu ya miaka iliyopita, na Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kilichoanzishwa Lima mwaka 1971, kinahifadhi maelfu ya aina zake. Halafu omba chuño. Vinafanana na kokoto, vyepesi ajabu mkononi, na ukivigonganisha vinalia. Mwezi Juni na Julai watu wa juu hutandaza viazi nje usiku vigandishwe na baridi, asubuhi wakavikanyaga kwa miguu mitupu kukamua maji, wakaviacha juani, na kurudia hivyo kwa siku kadhaa. Vikikauka vinakaa miaka. Supu yake ina ladha ya udongo kidogo. Mimi naipenda, wengi niliowapeleka waliomba chumvi.

Chinchero iko mita 3,760, kwa hiyo iwe ya siku ya tatu au ya nne, na mrudi kulala bondeni. Pale wanawake wanasokota sufu na kuitia rangi mbele yenu. Mmoja atachukua mdudu mdogo wa kijivu anayeishi kwenye mpungate, ile kakati yenye majani bapa, atamponda kiganjani na kiganja chote kitageuka chekundu cha damu. Akikamulia ndimu, nyekundu ile inaelekea rangi ya chungwa. Ni kochinili, na Peru inaongoza duniani kwa kuizalisha. Huenda umeshaipaka mdomoni kwa jina la lipstiki.

Hapohapo ndipo pa kuibiwa kwa macho makavu. Ukiambiwa "baby alpaca" usidhani ni sufu ya mtoto wa alpaka. Ni daraja la wembamba wa unyuzi tu. Sufu ya kweli ukiishika ni ya baridi kidogo, nzito na inateleza. Ya plastiki ina joto papo hapo na ni nyepesi. Sweta ya bei ya kutupa barabarani si alpaka, hata lebo iseme nini. Na akikuambia skafu ni ya vikunya, mwachie. Vikunya ni mnyama wa porini, sufu yake ni kati ya ghali kuliko zote duniani, na biashara yake inasimamiwa kisheria; haiuzwi kwenye meza ya barabarani.

Kupatana bei kupo, lakini si kwa mtindo wa Kariakoo. Ukitaja nusu ya bei, mama yule ataona umemdharau, atageukia mambo yake. Omba apunguze kidogo, au nunua vitatu kwa mpigo. Kwenye matunda na mboga usishushe bei. Omba yapa, nyongeza, na mwite "caserita", namna yao ya kumwita mteja au muuzaji wao wa siku zote. Beba chenji ndogondogo za sol, hela ya Peru. Dola iliyochanika hata ncha tu hawaipokei.

Machu Picchu, yale magofu ya Wainka, sitaizungumzia sana, kila mtu anaijua. Iko mita 2,430, chini ya Cusco, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Tiketi ni za muda maalumu na njia maalumu, huisha miezi kabla, na mlangoni wanaangalia pasipoti. Treni inatoka Ollantaytambo na inaruhusu begi dogo, makubwa yaacheni hotelini. Laleni usiku mmoja pale chini Aguas Calientes ili mpande na basi la mapema.

Ndipo mhamie Cusco. Soko lake kuu, San Pedro, lina safu ndefu ya akina mama wa juisi, wamekaa juu nyuma ya marundo ya matunda, wanakuita wote kwa pamoja. Chagua mmoja. Ukimaliza glasi usinyanyuke. Kwenye mashine kuna iliyobaki, na atakumiminia bila kukutoza. Wanaovaa mavazi ya asili na kubeba vitoto vya alpaka mitaani wanataka hela kwa kila picha, hiyo ndiyo kazi yao, mkubaliane kabla hamjapiga.

Sasa mlima wa shemeji. Rukeni hadi Arequipa, mita 2,335, mji wa mawe meupe chini ya volkano ya Misti, yenye mita 5,822. Kesho yake gari linawapeleka Colca kupitia hifadhi ya Salinas y Aguada Blanca, ambako vikunya wanakula jani kando ya barabara. Miaka ya 1960 walikuwa wamebaki elfu chache tu kwa sababu ya bunduki; mikataba ya nchi za Andes ikazuia biashara, na vijiji vikaruhusiwa kuwazunguka kwa mikono, kuwanyoa na kuwaachia waende. Leo wanahesabiwa kwa laki. Kisha barabara inapita Patapampa, mita 4,910. Shemeji atapata mita zake, na atashuka kulala Chivay, mita 3,630. Msikimbie pale juu, hata kwa picha.

Asubuhi ni ya kondori, tumbusi mkubwa wa Andes, mbawa zake zikikunjuliwa zinafika mita tatu na zaidi. Mahali panaitwa Cruz del Cóndor, kwenye ukingo wa korongo. Fikeni kabla ya saa mbili, kwa sababu ndege huyo ni mzito, anafikia kilo 15, na hanyanyuki mpaka jua lipashe hewa ya bondeni ianze kupanda. Anainuka kutoka chini yenu, anapita usawa wa macho, na mnasikia upepo ukipita kwenye manyoya. Hapigi mbawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofunga vifaa kwenye miili ya kondori, ulimkuta mmoja aliyeruka zaidi ya saa tano, takriban kilomita 172, bila kupiga mbawa hata mara moja.

Chakula: nyama halali ni adimu sana nje ya Lima, na hata Lima inabidi kuitafuta. Mtaishi kwa samaki, mayai, supu ya kinoa, maharage na viazi, na hamtaona shida. Bondeni kuna samaki aina ya trauti karibu kila mgahawa. Lima kuna ceviche, samaki mbichi aliyekolezwa ndimu, ambayo wenyewe hula mchana kukiwa na samaki wapya. Ulizeni kama kuna mafuta ya nguruwe, "manteca", kwenye maharage na mikate. Na jihadharini na chicha. Chicha morada ni kinywaji cha mahindi ya zambarau, hakina kilevi, kitamu. Chicha de jora ni pombe ya mahindi, na nyumba inayoiuza husimika mti wenye mfuko mwekundu wa plastiki au bendera nje. Kwenye mialiko ya vijijini hiyo ndiyo inayotolewa kwanza.

Yaliyobaki kwenye orodha yenu ni safari mbili nyingine. Ecuador peke yake inatosha: soko la Otavalo siku ya Jumamosi, Cotopaxi yenye mita 5,897 (imeizidi Kilimanjaro mita mbili, shemeji asilale usingizi), na Galápagos, ambako tangu Agosti 2024 ada ya kuingia kwa wageni wengi ni dola 200 kwa kila mmoja kabla hamjalipia chochote kingine. Kama ni kobe wakubwa tu mnaowafuata, Changuu, Unguja, wapo. Pantanal ni ya mwenye hamu ya jagua. Nendeni kati ya Julai na Oktoba maji yakiwa yamepungua, na siku zote muwe mtoni. La Paz na Uyuni mtaziunganisha siku mkiwa na mwezi mzima, mkiingilia kutoka Peru kwa barabara ya ziwa Titicaca, si kwa ndege kutoka chini.

Kwa ratiba hii ya Peru, Mei au Septemba ndiyo miezi yangu: juu ni pakavu na umati wa Julai na Agosti haupo. Ethiopian wanaruka kutoka Addis Ababa hadi São Paulo, na kutoka hapo mnaunganisha Lima. Ulizeni mapema kama mtahitaji viza ya kupita Brazil, ubalozi wao upo Dar. Viza ya Peru ianzeni miezi mingi kabla, kwa kuwa balozi za nchi za huko ni chache kwetu. Kadi ya manjano iwe mkononi, si kwenye begi la kupakia: chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku kumi kabla ya kuingia msituni, na mkirudi nyumbani wanaweza kuwaomba kadi hiyo. Daktari awaandikie pia kinga ya malaria inayofaa eneo hilo.

Kama mmeshalipa malipo ya awali, irudieni kampuni mkaombe ratiba iandikwe upya, na pembeni ya kila hoteli waweke mwinuko wake kwa mita. Wakikubali bila maswali, endeleeni nao. Wakisema mita si muhimu, ombeni fedha zenu.